Bastola Juu ya Mawingu

"Kaa, kaka. Nimekungoja sana."

Hapo ndipo pumzi zilipotukatika wiki iliyopita, msomaji. Kimya, mlinzi wa ndegeni, amesimama kwenye njia ya katikati, tikiti mkononi, bastola kiunoni chini ya koti. Na kwenye kiti cha dirishani, pua na mdomo na kiti chake, amekaa mwanamke ambaye yeye Kimya ndiye aliyemfanya mjane.

Miguu ilimwambia kimbia. Lakini ndani ya ndege mtu anakimbilia wapi?

"Kaka, utakaa au utasafiri wima?" mjane akauliza. "Namngoja jirani yangu anifundishe huu mkanda unavyofungwa. Wahudumu wananipita tu kama nguzo."

Kimya akashusha pumzi. Hamjui. Kumbe hamjui!

Angemjulia wapi? Tume ya uchunguzi ilimhoji Kimya nyuma ya pazia. Yeye ndiye aliyemwona mjane kwenye upenyo wa pazia, amekaa mstari wa mbele, mkoba mapajani, akiitikia kwa kichwa kila alichoambiwa kama mtu anayeelekezwa njia ya mji wa kigeni.

Akakaa. Akaushika mkanda, akaufunga. Ta! Mjane akatabasamu.

"Ahsante. Una mikono mizuri, haitetemeki."

Kimya akaificha mikono ile kwapani.

Kwa aliyetufikia leo, mambo yalikuwa hivi. Kwenye safari moja mchana kweupe, abiria mmoja aliinuka kitini akiwa ameloa jasho, akayumba hadi kwenye mlango wa marubani, akaanza kuupiga kwa kiganja huku akisema maneno ambayo abiria hawakuyaelewa. Kimya akampigia kelele asimame. Yule bwana akaingiza mkono mfuko wa ndani wa koti. Kimya akafyatua.

Mkononi mwake ilikutwa peremende. Karatasi yake haijafunguliwa.

Alikuwa mgonjwa wa sukari. Ilimshuka ghafla, akili ikamruka, akawa anatafuta maji na chochote kitamu. Tume ikasema mlinzi alifuata taratibu. Mkuu wa kikosi akampiga Kimya begani, akampa likizo, na likizo ilipokwisha akamrudishia bastola.

Marehemu, hata hivyo, hakuambiwa uamuzi wa tume.

Alimjia Kimya bafuni. Alimjia jikoni, kando ya jokofu, asubuhi watu wakinywa chai. Hakuwa na damu wala hasira. Alisimama tu, mkono mfukoni, kama mtu anayetafuta ufunguo wa nyumba isiyo yake. Na kabla hajatokea, Kimya alisikia kwanza karatasi ya peremende. Chakarachaka. Chakarachaka.

"Baba," mkewe alimwambia siku moja, akikunja shuka akahamie chumba cha watoto, "nimechoka kulala na wanaume wawili, na mmoja simjui."

Ndege ikapaa.

Mawingu yalipowameza, mjane akafumba macho, akaushika mkono wa Kimya bila kuomba ruhusa. Kiganja chake kilikuwa baridi. Kimya hakuthubutu kuuondoa mkono wake, wala hakuthubutu kumshika naye.

"Usinicheke," mjane akasema. "Hii ndiyo mara yangu ya kwanza. Mume wangu ndiye aliyekuwa mtu wa ndege. Alikuwa fundi wa mashine za hospitali, kila mwezi safari. Na ndani ya ndege ndimo alimofia."

"Pole, mama."

"Huniulizi alikufaje? Watu wote huuliza."

"Nimeogopa kukutonesha."

"Alipigwa risasi. Na mlinzi wa ndege. Yaani yule yule aliyewekwa amlinde."

Kimya akatazama mbele. Pale mbele, kwenye mlango wa marubani, hapakuwa na mtu. Akatazama tena. Hapakuwa na mtu.

"Sasa naitwa na kamati," mjane akaendelea. "Wanataka kuamua: walinzi wenye silaha waongezwe kwenye ndege, au waondolewe kabisa. Wamesema sauti ya mjane ni muhimu. Shemeji yangu amenikaririsha la kusema tangu jana, kama mtoto wa chekechea. 'Sema waondolewe, shemeji. Lia kidogo, lakini usizidishe.'"

"Na wewe utasema nini?"

Mjane akauvuta mtandio wake kichwani.

"Nikuambie kitu cha aibu? Kabla sijapanda nilimshika mkono yule mhudumu mkuu. Nikamuuliza, dada, humu yumo mwenye bastola? Akanijibu haruhusiwi kusema. Unajua nilijisikiaje? Nilitamani aseme yumo! Niliogopa kupanda bila yeye. Halafu nikajichukia mpaka nikataka kutapika. Wameniulia mume, na mimi bado nataka wanilinde."

"Labda wanalinda kweli," Kimya akasema. Sauti ilitoka ngeni, kama ya mtu aliyeamka sasa hivi.

"Labda. Wewe je, ukijua jirani yako ana bastola, utasinzia vizuri zaidi, au hutasinzia kabisa?"

 Mwezi mzima Kimya hajasinzia vizuri, na bastola ilikuwa yake mwenyewe.

"Nimekuchosha," mjane akasema. Akafungua mkoba, akachakura. "Chukua, ya kuzibua masikio. Nilizoea kumtilia mume wangu mfukoni kila akisafiri. Mkono umeshazoea, siku hizi natia kwenye mkoba wangu mwenyewe."

Chakarachaka.

Peremende. Karatasi ya rangi ya chungwa. Ile ile.

Kimya akaruka nyuma kama aliyeoneshwa nyoka. Kijasho chembamba kikamtoka kwenye paji la uso, kikateremka shingoni. Na pale, kichwa cha kiti cha mbele kilipoishia, yule bwana alikuwa amesimama. Mkono mfukoni. Anatafuta.

"Kaka? Kaka, una nini? Umegeuka rangi ya majivu!"

"Sili... sili vitamu, mama."

Mjane akaendelea kumtazama. Alimtazama sana, peremende bado mkononi.

Angemwuliza lingine, lakini ukelele ukalipuka mbele yao.

"Nifungulieni! Nifungulieni nishuke!"

Pande la mtu lilikuwa limeinuka safu ya tatu. Fundi rangi, kucha zake bado zilikuwa na rangi nyeupe. Alitoa macho pima, kifua kikipanda na kushuka, akaisukuma miguu ya watu na kuelekea mbele. Mbele, kwenye mlango wa marubani!

Abiria wakapiga mayowe. Kimya hakujua aliinuka saa ngapi. Mkono ulikuwa umeshaingia ndani ya koti.

"Baba," ikasema sauti tulivu.

Ilikuwa sauti ya mhudumu mkuu, yule ambaye wafanyakazi wote walimwita Da' Mkubwa. Mwanamke mfupi, mnene, mwenye viatu vya kisigino kifupi. Alijiweka katikati ya njia, mbele ya lile pande, na trei ya vikombe mkononi. Hata hakuitua.

"Baba, unakwenda wapi?"

"Nashuka!"

"Hapa hakuna kituo, baba. Ukishuka hapa utapanda nini?"

Mtu mmoja akacheka. Wa pili akacheka. Fundi rangi akaduwaa, akatazama huku na huku kama aliyeamshwa na maji ya baridi.

"Nakabwa," akasema kwa sauti ndogo. "Dada, kuta zinanibana. Nakosa hewa."

"Najua. Hata mimi mwaka wa kwanza nililia chooni kila siku. Nishike bega. Hivyo. Pumua nami."

Lile pande likamshika bega, likaanza kupumua. Shwari ilikuwa imerudi, msomaji. Ilikuwa imerudi kabisa! Laiti Kimya angekaa chini wakati ule.

Lakini alikuwa bado amesimama, na koti lake lilikuwa limefunuka.

Fundi rangi akainua macho juu ya bega la Da' Mkubwa, akaona. "Bastola!" akapiga unyende. "Yule pale ana bastola! Tunatekwa!"

Neno "tunatekwa" ndani ya ndege ni kiberiti kwenye petroli. Kufumba na kufumbua, mzee wa miwani akamrukia Kimya shingoni. Mama mmoja akamtwanga kwa kitabu. Vijana wawili wenye vifua vya mazoezi wakamwangusha na kumkalia, mmoja mgongoni, mwingine miguuni. Kimya akajaribu kusema "Mimi ni mlinzi", lakini mdomo ulikuwa umezibwa na zulia.

Akiwa chini pale, shavu sakafuni, aliona viatu vya watu vikikanyagana. Kati ya viatu vile akaona jozi moja nyeusi, iliyong'arishwa, iliyotulia. Aliijua. Ilikuwa kwenye picha za tume.

"Mwacheni!" Da' Mkubwa alipaza sauti, na safari hii trei ikaanguka kweli. "Mwacheni, ni wetu! Ni mlinzi wa ndege!"

Watu wakaganda. Wakaondoka juu yake mmoja mmoja. Mzee wa miwani akaanza kumpangusa vumbi.

"Samahani, mkuu. Ungejitambulisha basi."

"Ningejitambulisha vipi, mzee, umenikalia koo?"

Vicheko vya woga vikazagaa. Fundi rangi alikuwa anakunywa maji, machozi yakimtiririka. Da' Mkubwa akawaambia watu wakae, wafunge mikanda, msukosuko wa hewa uko njiani. Wakakaa.

Kimya akajipapasa kiunoni.

Patupu.

Akapapasa upande wa pili, akijua fika haiko upande wa pili. Akapiga magoti, akaangalia chini ya viti. Mikoba. Viatu. Kikombe cha plastiki. Damu ikamwenda mbio masikioni.

Da' Mkubwa akainama karibu yake. "Usiniambie," akanong'ona.

"Imepotea."

"Nimekwambia usiniambie!" Akamshika kiwiko. "Usipaze sauti. Wakisikia watauana humu. Nani alikuwa karibu?"

Kimya akageuza shingo polepole. Kiti cha dirishani kilikuwa kitupu. Mkanda umefunguliwa. Mkoba upo, mtandio haupo.

Kule mbele kabisa, mkono mmoja kutoka mlango wa marubani, taa ndogo nyekundu ilikuwa inawaka juu ya mlango wa choo. Kuna mtu.

"Rudi nyuma uwatulize," Kimya akamwambia Da' Mkubwa. "Niachie huyu."

"Unamfahamu?"

"Ndiyo."

Akaenda. Njia ile ile, zulia lile lile. Kila hatua alihisi mtu anatembea sambamba naye, bega kwa bega, japo njia ilikuwa nyembamba ya mtu mmoja. Akafika. Akaweka sikio mlangoni.

Ndani, maji yalikuwa yanachuruzika.

"Mama," akaita taratibu. "Mama, ni jirani yako."

Maji yakakatika.

"Nilipokupa peremende uligeuka majivu," sauti ikasema kutoka ndani. "Nikashangaa. Nikajiuliza, mtu mzima anaogopaje peremende? Kisha nikaiona hii chini, imesukumwa mpaka kwenye kiatu changu, na wanasema wewe ni mlinzi. Ni wewe."

Kimya akafumba macho. "Ni mimi."

 Alisubiri mlio. Alijua sauti ya bastola ile ndani ya ndege; aliisikia kila siku. Alichoomba tu ni kwamba kama ni lazima, mdomo wa bastola uwe umeelekezwa mlangoni, kwake, usielekezwe kule ndani.

"Mama, nisikilize. Ukitaka kunipiga, nipige. Nafungua mikono, nipo hapa hapa. Ila usijidhuru."

"Nani kakwambia nataka kumpiga mtu?" Sauti ikakatika kwa kilio. "Nimejifungia nayo ili isiwe mkononi mwa mtu yeyote! Yule mwenye wazimu asiipate, wale vijana wasiipate, na wewe usiipate. Mimi peke yangu humu ndani ndiye ninayejua inafanya nini!"

"Hata mimi najua, mama."

"Wewe unajua kwa upande wa nyuma. Mimi najua kwa upande wa mbele."

Kimya akaegemeza paji la uso mlangoni.

"Alisema nini?" mjane akauliza. "Pale mlangoni. Tume walisema alibwabwaja. Hakuna aliyeniambia maneno."

Hilo Kimya hakuwahi kumwambia mtu, si tume, si mke. Tume haikuuliza.

"Alikuwa anaita jina. Nilidhani ni la mwenzake, nikadhani wako wawili. Alisema, 'Bibie, fungua. Bibie, nimefika.'"

Ndani ya choo, mtu akateleza na kukaa chini.

"Ni mimi," mjane akasema. "Mimi ndiye Bibie. Alidhani amefika nyumbani."

Ndege ikatikisika kidogo, ikatulia. Kimya alikuwa analia na hakujua. Alipofumbua macho, kitasa kilikuwa kinazunguka. Mlango ukafunguka upana wa kiganja, na mkono ukatoka umeshika mtandio uliofungwa kama kifurushi.

"Toa zile risasi," mjane akasema. "Zitoe zote, mbele ya macho yangu. Ndipo nitatoka."

"Nazitoa, mama. Tazama."

Akafungua mtandio. Ukamponyoka, ukaanguka. Bastola ikabaki uchi mkononi mwake, chuma baridi chenye matone ya maji, na yeye amesimama hatua moja kutoka mlango wa marubani.

"Kimya. Iweke chini."

Haikuwa sauti ya Da' Mkubwa.

Akageuza kichwa tu. Kwenye njia ya katikati alisimama binti mmoja aliyekuwa amelala tangu ndege ipae, mto wa kusafiria shingoni, soksi za rangi miguuni. Kimya alipopita alimchukulia mwanafunzi anayerudi likizo. Mto ulikuwa bado shingoni. Lakini mikono yote miwili ilikuwa imeshika bastola, na bastola ilikuwa imemwelekea yeye kifuani.

"Wewe nani?"

"Kikosi kipya. Mkuu ndiye aliyenipanga." Binti alikuwa anapumua kwa mdomo. "Aliniambia nisiwatazame abiria. Nikutazame wewe."

Mlinzi wa kumlinda mlinzi! Kimya akahisi kicheko kinampanda kooni, kicheko kibaya, akakimeza.

"Walipokuangukia nilitulia, ndiyo amri. Nisijitokeze mpaka wewe mwenyewe uanze. Alisema likizo haikukusaidia, unaongea na watu wasiokuwepo. Na sasa nimekuona, Kimya. Nimekuona unaongea na mlango."

"Humo ndani yumo mtu, binti yangu. Nazitoa risasi..."

"Usiguse! Usisogeze mkono!"

Nyuma kabisa Da' Mkubwa alipaza sauti, "Binti, ngoja! Ngoja nikueleze!" lakini watu walikuwa wameshaiona bastola ya pili, na mayowe yakaifunika sauti yake.

Kimya akamtazama binti usoni. Alikijua kitu alichokiona pale. Haukuwa ukatili. Ulikuwa woga wa mtu aliyefundishwa kwamba akichelewa watakufa wote. Akaelewa kwamba hakuna neno lolote angelisema sasa ambalo lisingesikika kama tishio.

Ndipo mlango wa choo ulipofunguka wazi. Mjane akatoka, uso umelowa, kichwa wazi. Akatazama bastola hii, akatazama ile. Akapiga hatua moja, akasimama katikati, mgongo wake kwa Kimya.

"Mama, toka mbele yangu!" binti akafoka.

"Sitoki."

"Mama, nakuomba," Kimya akanong'ona nyuma yake. "Ondoka. Huna deni hili kwangu."

"Wewe nyamaza. Sijakusamehe." Hakugeuka hata kidogo. "Mwanangu, shusha hicho chuma. Nimeshazika mmoja aliyekosa mtu wa kumsimamia mbele. Huyu ni muuaji wa mume wangu, nami nakwambia hakuna alilofanya leo."

 Mikono ya binti ikaanza kushuka. Kidogo. Kidogo tena.

Na hapo ule msukosuko wa hewa ukafika.

Ndege ikaporomoka kama iliyokatwa kamba. Vikombe vikaruka darini, watoto wakalia, binti akapaa na kugonga kabati la mizigo, mjane akamwangukia Kimya, wakabingirika pamoja kwenye sakafu ya choo.

Paa!

Ndege ikajinyoosha. Moshi mwembamba ukaelea njiani. Kimya akajipapasa, mzima. Akampapasa mjane, mzima, anahema. Akaitazama bastola yake, baridi vile vile. Kule chini binti alikuwa amepiga magoti, akiitazama yake kama kitu alichookota barabarani.

"Sikuvuta," alikuwa anasema. "Sikuvuta. Naapa sikuvuta."

"Imepiga wapi?" mzee wa miwani akauliza.  Watu walikuwa wanajikagua vifua.

Da' Mkubwa ndiye aliyeiona kwanza. Ukutani, kando kidogo ya mlango wa marubani, palikuwa na tundu jipya, dogo, safi, unaweza kuliziba kwa kidole. Akaviruka viti na watu, akainyakua simu ya ukutani, akabonyeza kitufe cha chumba cha marubani.

Simu ikaita. Ikaita tena.

Taratibu, kwa upole kabisa, pua ya ndege ikaanza kuinama.